Ubao Wenye Mstari Mwekundu

Kila akitoka shule, Chapuchapu alibadilisha sare, akala viazi akiwa amesimama, kisha akakimbilia ufukoni kwenye mitego ya ushirika. Samaki waliletwa wakiwa hai ndani ya mabeseni ya maji, na shangazi yake, mpimaji wa ushirika, alimngoja na ubao wenye mstari mwekundu. Samaki asiyefika mstari alirudishwa ziwani. Mmoja mmoja! Beseni baada ya beseni! Chapuchapu alichoka na ubao ule mpaka akauota.

“Shangazi, si wote wataliwa tu?”

“Pima, mwanangu.”

“Lakini...”

“Nimesema pima!”

Siku hiyo wenzake walikuwa wakiruka kamba hatua chache tu kutoka hapo, wakimwita. Shangazi alipokwenda kuchukua barafu, Chapuchapu akamwaga beseni zima ndani ya sanduku la tatu bila kupima, akafunika wadogo kwa wakubwa, akajipangusa mikono. Hata kamba hajaigusa, pikipiki ya afisa wa uvuvi ikasimama kando ya masanduku.

Chapuchapu akarudi mbio kwenye masanduku. Kijiji chao cha zamani kilikuwa chini ya ziwa hilohilo, lililojaa bwawa lilipojengwa, mashamba na kila kitu. Familia zilizohamishwa zilipewa ufuko huu kwa kibali kimoja cha ushirika, na samaki wachanga wakikutwa, kibali kinafutwa. Afisa alikwisha fungua sanduku la kwanza.

“La tatu halijapimwa,” Chapuchapu akasema, machozi yakimlengalenga. “Ni mimi. Shangazi hajui.”

Shangazi, aliyekuwa amerudi na barafu, akashika kiuno. “Ee Mungu wangu, mtoto huyu! Kila siku nasema, kila siku!”

Afisa akamtazama Chapuchapu, akafunga kitabu chake. “Umesema kabla sijalifungua. Haya, pima mbele yangu. Wadogo warudi majini sasa hivi, wangali wanapumua.”

Alipima mpaka vidole vikakunjamana. Wenzake walikuja kutazama, wakachoka, wakaenda zao.

“Umeniudhi,” shangazi alisema afisa alipoondoka, “ila umesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyotuokoa. Shamba la baba yako limezama, langu pia. Kibali hiki ndicho tulichobaki nacho. Mmoja akikwepa kazi yake, sote tunakosa pa kuvua.”

Chapuchapu akainua samaki wa mwisho. Samaki huyo hakufika mstari kwa upana wa ukucha.

“Na huyu, Shangazi?”

“Waniuliza mimi? Ubao si unao?”

Chapuchapu akaingia ziwani mpaka magotini, akamwachia.