Spika ya Yago

Wimbo ulikuwa na kikohozi ndani yake.

Nyatichi aliurudisha nyuma, akausikiliza tena. Kwaya iliimba ubeti wa pili, ikavuta pumzi, na hapo, katikati ya pumzi, mwanamume akakohoa, kikohozi kizito cha mtu aliyemeza maji. Akaichomoa simu kwenye spika na kuucheza wimbo bila spika. Hakuna aliyekohoa.

Spika hiyo aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, ameolewa mwaka mmoja, na akimaliza kushona alipenda kutazama video za watu wanaofanya maajabu kwa vitu vya bure: saa ya ukutani kwa sahani, kiatu kilichooteshwa maua, kiazi kilichofanana na bata. Katika video moja mtu alitoboa kibuyu, akachomeka simu, na muziki ukajaa nyumba bila umeme. Nyatichi hakuwa na kibuyu. Lakini nyuma ya ghala la Mama Orpah, mwenye nyumba wao hapo Mbita, aliliona yago limelala kwenye majani: tunda refu, gumu, zito kama mtoto, lisiloliwa na mtu. Mti wake ulisimama pale pale na kuangusha matunda kila wiki. Akalichukua. Akakata ncha zake mbili, akachimba nyama yake kwa kisu na chuma cha moto, akatoboa tundu la simu mgongoni na kuchonga ncha moja iwe mdomo wa kutolea sauti.

Alitoka Nyamira. Hakuna aliyewahi kumwambia yago ni nini kwa watu wa ziwa.

Mumewe, Mayaka, alisema simu za bei rahisi ndivyo zilivyo. Mayaka alipeleka ndizi kisiwani Remba, akiondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi. Wiki hiyo nyumba ilianza kunuka ufukwe, matope na magugu yaliyooza, na asubuhi sakafu chini ya meza ilikuwa na maji. Nyatichi alishuku paa. Mvua haikuwa imenyesha.

Jumapili adhuhuri Mayaka alirudi kutoka sokoni, akasimama nje ya mlango kwa muda kabla ya kuingia. Aliuliza mwanamume yule ni nani. Nyatichi akasema hakuna mwanamume. Mayaka akasema amemsikia akicheka chini chini na kulitaja jina la mke wake. Akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya pazia, kisha akainama na kugusa sakafu, palipokuwa na alama ya unyayo mtupu, mbichi, mkubwa kuliko wa Nyatichi. Jumatatu akaondoka bila chai na bila kuaga.

Jumanne, saa nne asubuhi, Nyatichi alikuwa akishona kola mtu aliposema nyuma yake, upande wa dirisha, kama wateja wanavyosema.

"Fundi, mumeo kifua ni inchi ngapi?"

"Arobaini," akajibu, macho yakiwa kwenye sindano.

"Na mkono?"

"Ishirini na nne."

"Itanitosha."

Akageuka, na dirishani hapakuwa na mtu, na nje ya dirisha hapakuwa na mtu, kuku walikuwa wakichakura kwenye jua kama siku nyingine yoyote, na simu ilikuwa kitandani, imezimwa, na juu ya meza lile yago lilikaa peke yake, tupu, na kwenye mdomo ule aliouchonga kwa mkono wake mwenyewe maji yalikuwa yakidondoka, tone kwa tone, huku ndani yake kitu kikivuta pumzi polepole, kwa subira, kama mtu anayengoja kupimwa nguo.

Alikimbia hadi kwa Ochieng, shemeji yake Orpah, aliyekuwa akishona nyavu kando ya njia. Akamweleza yote. Ochieng aliuweka uzi chini.

"Ulilitoa wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyuma ya ghala."

"Siku gani?"

"Ile Alhamisi. Kesho yake mlizika."

Ochieng alifunika uso. Kisha akamwambia. Clifford, mwana pekee wa Orpah, alizama karibu na Remba, wakamtafuta siku tisa bila kumpata. Mtu akikosekana, yago huzikwa badala yake. Hupelekwa ufukweni na kuitwa kwa jina lake mpaka akubali kuingia, na tangu hapo si tunda tena. Ochieng ndiye aliyemwita, akamlaza nyuma ya ghala asubiri asubuhi. Asubuhi hakumkuta. Waombolezaji walikuwa wameshajaa, kwa hiyo aliokota yago jingine, akalifunga kwa shuka na kufunika jeneza. Nyatichi alikuwepo siku ile, akidhani jeneza lina nguo za marehemu.

"Mimi nilizika tunda," Ochieng akasema. "Na wewe umemchongea mdomo. Mumeo yuko wapi?"

"Remba."

"Basi tumzike leo. Kabla mumeo hajapanda boti."

Nyatichi alimpigia Mayaka wakitembea. Hakupatikana.

Walimkuta Orpah ndani ya chumba cha Nyatichi, kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa amekuja kuomba uzi. Yago lilikuwa mapajani mwake, sikio lake juu ya ule mdomo, na gauni lake limelowa.

"Anasema ana baridi," akasema.

"Shemeji, nipe. Tunamchelewesha."

"Nilimzika bila kuona uso wake. Leo anaongea na mimi, unataka nimfukie tena?"

Nyatichi alipiga magoti. Alimwambia juu ya kifua na mkono, alivyojibu bila kujua. "Mama, niachie mume wangu," akanong'ona.

Orpah alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Wewe bado kijana, nyar Kisii, binti wa watu," akasema. "Utaolewa tena."

Akalibeba hadi nyumbani kwake, akafunga komeo. Ochieng alibisha mpaka jua likatua. Kuvunja mlango wa mjane wa kaka yake hakuweza.

Alhamisi, saa kumi alasiri, Mayaka aliingia langoni akiwa na magunia yake yaliyokunjwa, mkavu, mzima, na Nyatichi akamkimbilia huku akilia, akaliona shati alilomshonea, akaliona kovu la kidevuni, akafungua mikono, na mumewe akapunguza mwendo, akamsalimia kwa adabu, kama mpangaji anavyosalimiwa na wenye boma, "Habari ya mchana, fundi," kisha akampita, akafuata njia ya nyumba kubwa ya Orpah bila kuangalia anakokanyaga, akainama mlangoni, na yeye ambaye kwa Kijaluo hakuweza hata kuomba maji, akasema, "Mama, aseduogo."

Mama, nimerudi.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha.

Baadaye Orpah alitoka kumwaga maji ya kunawa. Alimkuta Nyatichi amesimama uani palepale. Akainamisha macho kidogo, kama mtu mwenye haya.

"Pole sana, nyathina, mwanangu," akasema. "Wako nitamwambia Ochieng amwite ufukweni, aingie kwenye yago jingine. Safari hii usimguse."