Bawa Lililosuguliwa kwa Majivu

Treni ya Kampala ilipoingia Kasese kila mtu alitazama mabehewa, isipokuwa Fidèle. Yeye alikuwa ameinama katikati ya miguu ya watu, akiokota pakiti za sigara zilizotupwa. Alipoinyoshea mkono pakiti moja nzuri, kiatu cheupe cha turubai kikaikanyaga.

"Wewe mutu muzima, naokota sigara chini?"

Akainua macho. Aliona gauni la njano, kola iliyopigwa pasi ikasimama, na msichana aliyekuwa anajizuia kucheka. Alikuwa Enid, mhudumu wa hoteli ya chai mbele ya stesheni, binti wa Mzee Danieri wa Bwera.

"Mi sivutake sigara, mamuzeli. Niko natafuta ile karatasi ya ndani, ya kungaa. Navalisha ndeke."

"Ndege inavaa nguo?"

"Ya kwangu inavaa."

Akacheka, akaondoa kiatu.

Mwaka ulikuwa sitini na nane. Fidèle, seremala wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekimbia vita vya kwao, na Bwera ikampa chumba cha kupanga na kazi ya kuunda vitanda. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye ile ndege ya injini mbili iliyokuwa ikitua Kasese. Aliichonga kwa mti mwepesi, urefu wa mkono, kisha akawa anaifunika kwa karatasi za sigara, kipande kwa kipande, kama yalivyopangwa mabati ya ndege yenyewe.

Kuanzia siku ile Enid alimwokotea karatasi hotelini, na kila Jumapili alipokwenda kwao alipitia kwa Fidèle na kifurushi. Waliziloweka mpaka ile nyeupe ya nyuma ikabanduka, ukabaki utando mwembamba wa bati. Walijaribu gundi za kila namna. Uji wa muhogo uliikunja karatasi. Utomvu wa fenesi ulishika vidole vyao kuliko ulivyoshika mti, wakachekana mpaka machozi yakawatoka.

"Sasa umenishika, sheri, mupenzi yangu," alisema Fidèle.

"Mimi nilikushika zamani. Wewe peleka mbuzi kwa baba."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mzee Danieri hakuwa tayari kumtoa binti yake kwa mkimbizi asiye na kwake. Lakini meneja wa hoteli ya watalii kule Mweya alikuwa ameahidi kwamba, kama mfano ule ungefanana kweli na ndege, angeuweka mapokezi na kumpa Fidèle useremala wa hoteli, pamoja na nyumba. Ilibidi aulete Jumamosi. Mbuzi, harusi na maisha yao yote vilisubiri ile Jumamosi.

Kilichowasumbua ni mng'ao. Karatasi ilimetameta kama ganda la peremende, na ndege ya kweli haimeti hivyo. Fidèle akachemsha karatasi mpya, zikageuka kijivu, akaivalisha ndege yote upya. Sasa ilikuwa imezimika mno, naye alilijua hilo, ila muda ulikuwa umekwisha. Ijumaa akatoka kutafuta lori la kumfikisha Mweya.

Nyuma yake Enid akaja kumtakia safari njema, akaikuta ndege mezani. Sasa, Enid alilelewa na mama ambaye kwake sufuria lenye doa lilikuwa aibu ya ukoo. Huko vilimani nyumba yenye binti aliyefundwa ilijulikana kwa masufuria yaliyoanikwa uani, yakimulika mpaka kilima cha pili. Aliona kijivu, akadhani ni uchafu. Akachekecha majivu kwenye kitambaa, akatia maji kidogo, akasugua. Bawa la kulia lilitoka salama. La kushoto likachanika mkononi mwake.

Fidèle alimkuta hivyo.

"Umefanya nini? Enid, umefanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha tu..."

"Kusafisha! Hii iko sufuria ya mama yako? Unajua kusugua tu, mu kichwa hamuna kitu! Rudia kwenu!"

Majirani walikuwa mlangoni, wamesikia kila neno. Enid aliweka kitambaa chini, akajifuta mikono kwenye lile gauni la njano, likabaki na alama za vidole vya majivu. Akaondoka.

Laiti angemfuata! Njia ilikuwa moja, na mtu anayelia hatembei haraka. Lakini Fidèle alibaki amesimama na hasira zake. Akaifungia ndege sandukuni, na kesho yake, badala ya kwenda Mweya, akavuka mpaka kurudi upande wa kwao, ambako vita vilikuwa vimetulia, hadi Beni kwa kaka yake Philippe.

Sanduku lilikaa chini ya kitanda miaka miwili, masika na kiangazi. Siku moja Kaswera, mke wa Philippe, akalitoa akifagia.

"Shemeji, hii ndeke iko muzuri. Lakini juu ya nini bawa moja iko ya kweli, na ingine ya bongo, ya uongo tu?"

Fidèle akaitoa juani. Bawa la kulia, lile ambalo hakuwa amelitazama hata mara moja, lilikuwa na mng'ao uliotulia, mpole, vilevile kama wa ndege ya kweli. Kumbe Enid alikuwa amekipata walichokitafuta. Fidèle akaketi chini vumbini, akalia mbele ya shemeji yake bila kuona haya.

Akaliziba bawa la kushoto, akavuka mpaka tena. Mjinga yule, akapitia Mweya kwanza, ili amwendee Enid akiwa na kazi mkononi! Meneja alipitisha kidole kwenye bawa la kulia, akatikisa kichwa kwa mshangao, akampa kazi na nyumba. Fidèle akaomba simu, akapiga ile hoteli ya chai Kasese.

"Halo! Nani?" Alikuwa Kiiza, mpishi.

"Fidèle, ile wa ndeke. Kiiza, niitie Enid!"

Simu ikakoroma kidogo.

"Enid hayuko. Aliacha kazi."

"Alienda wapi?"

"Aliolewa, ndugu yangu. Na Baluku, ile mukulima wa kahawa wa Kyondo. Mbuzi ilifika kwa muzee, tukakula sisi wote."

Alimpata soko la Mpondwe, siku ya gulio, amevaa kitenge cha kijani, mtoto mgongoni, akichagua dagaa. Fidèle akafungua shati alilofungia ndege, ambayo meneja alimwazima kwa siku ile. Enid akalipapasa bawa la kulia kwa kidole gumba.

"Hii ndiyo ile yangu?"

"Ndiyo yako. Ilinipatia kazi. Ilinipatia nyumba. Enid, sikuangaliaka. Nisamehe."

"Nilikusamehe, Fidèle. Nilingoja, nikachoka." Akamvuta mtoto juu mgongoni. "Siku ile ungeniuliza tu."

"Nikuulize nini?"

"Juu ya nini nasugua. Ningekuambia: ndege ya bwana yangu haiwezi kwenda kwa wazungu na uchafu."

Akamrudishia ndege, polepole, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto aliyelala. Fidèle akataka kusema mengi, na lililotoka ni hili:

"Majivu ilikuwa ya nini? Nilijaribu ya kuni, inakwaruza."

"Ya maganda ya maharage," alisema Enid. "Chekecha mara mbili."

Akatia dagaa ndani ya sufuria alilokuja nalo, akajitwika, akashika njia ya Kyondo. Fidèle alibaki pale sokoni akilitazama lile sufuria likimulika kati ya migomba, likipotea na kuonekana tena juu zaidi, mpaka akawa hana hakika kama ni lenyewe au la jirani yake, lililoanikwa uani.