Mtoto Asiyefika Mlangoni

Ikram, miaka tisa, alichukuliwa na mafuriko Korogwe, jioni moja ya Aprili mwaka jana. Mwili haukupatikana.

Wazazi wake walihamia Misima, mbali na mto. Mwezi uliopita, jua likizama, niliwapelekea muhogo kutoka Mkata. Mama yake, Chausiku, ni dada yangu. Nilimkuta bado anakaa kwenye mkeka wa msiba. Alikataa matanga yaanuliwe wakati mwanawe hajazikwa.

"Muhogo mtupu, shemeji?" Twaha, mumewe, alinitania. "Nyama umeiacha stendi?"

"Nyama wanunue wenye kompyuta."

Twaha hutengeneza katuni za kompyuta. Safari hii ilikuwa filamu fupi: msichana anakimbia, maji yanamfuata, anafika mlangoni kwao. Alimpa msichana uso wa Ikram.

"Mama yako si alikukataza?" nilinong'ona. Mama yake Twaha alisema ambaye hajazikwa hatengenezewi mwili mwingine.

"Nataka afike tu, shemeji."

Akaichezesha. Ikram alikimbia. Katikati ya uwanja akasimama, akageuka nyuma. Maji yakamfunika.

"Sikumpanga asimame," Twaha alisema. "Nimeirudia wiki nzima. Anasimama palepale."

"Basi yaondoe maji," Chausiku alisema kutoka mkekani.

Twaha akayafuta.

Harufu ya tope ikaingia ndani. Nje kulikuwa kukavu. Misima haikuwa imepata mvua mwezi ule.

Ikram akakimbia. Akapita pale anaposimama siku zote.

Nyuma yangu... mtu akakohoa.

Chausiku alikuwa ameshika koo. Maji ya kahawia yalimtoka mdomoni na puani. Nilimlaza ubavu, nikampiga mgongoni. Yakazidi.

"Shemeji, yarudishe!"

Twaha hakugeuka. Kwenye kioo, Ikram alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Anafika... subiri, anafika..."

"Twaha! Mkeo anazama!"

Akamtazama mkewe. Akamtazama mwanawe.

Akabonyeza kuyarudisha maji.

Chausiku akavuta pumzi.

Mimi sikutazama kioo. Twaha alitazama mpaka mwisho. Kisha akaizima kompyuta, akambeba mkewe hadi kwenye bodaboda.

Hospitalini daktari aliuliza amezama mto gani. Nilimwambia alikuwa amekaa sebuleni. Alinitazama, akapima mapafu tena, akasema maji yalikuwemo.

Asubuhi Chausiku alifumbua macho. Alimshika mumewe mkono.

"Alifika?"

Twaha alimwambia alifika.