Clarisse na Aibu ya Kumfuata Mume

Enyi wenzangu wa Bondeni, sogeeni karibu, na mnaojua ninamsema nani msijifanye hamjui.

Jumapili moja ya Oktoba, viazi vikiwa vimekwisha kuvunwa, Clarisse Ouellette alikuwa jikoni akimimina ploye kwenye kikaango, vile vichapati vyetu vya manjano visivyogeuzwa. Nyumba ilinukia siagi. Mumewe, Rosaire, alikaa mezani akizungushazungusha kikombe.

"Nimepata kazi," alisema mwishowe.

"Wapi?"

"Kiwanda cha meli. Kule pwani."

Ploye ikaungua. Pwani ni mwendo wa saa tano kwa gari, na theluji ikikaza ni kutwa nzima. Lakini Rosaire alikuwa fundi wa kuchomelea, na tangu karakana yake ifungwe alikuwa akizurura uani akitengeneza vitu visivyoharibika. Kwenda na kurudi kila siku hakungewezekana. Ama wahame pamoja, ama kila mmoja aishi kivyake.

"Tutakwenda," alisema Clarisse. Alisema palepale, bila kubembelezwa, na hilo naomba mlikumbuke.

Sasa tuje kwenye kosa. Clarisse alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chipsi za kugandishwa, akichambua viazi vibovu. Mnajua desturi yetu: anayeacha kazi hukatiwa keki kwenye chumba cha kulia, kisha huulizwa anakwenda wapi. Mnajua pia tunavyowasema wanawake wanaohama na waume zao. Tunawaita mabegi, kwa kuwa eti wanabebwa tu. Bingwa wa maneno hayo alikuwa Géraldine, mama yake Clarisse mwenyewe. Yeye alimfuata mumewe hadi Connecticut, jimbo la mbali kusini, akatelekezwa huko akiwa na mtoto mchanga, akarudi na uchungu ambao hajaumeza hadi leo. Ninamhurumia. Ila uchungu wake aliufanya sheria ya kila mtu.

Siku ya keki ikafika. Jolene, rafiki yake wa kwenye mkanda wa kuchambulia viazi, mwenye ulimi kama wembe, akapaza sauti: "Haya shoga, tuambie! Usije ukasema na wewe umekuwa begi la Rosaire!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana Leland, msimamizi wa zamu, alikuwa mlangoni na kipande chake cha keki.

Uso ulimwaka Clarisse. "Begi la nani? Mimi nimechoka na viazi. Naacha kazi nikapumzike, basi!"

Walimpigia makofi, na yeye akajiona shujaa. Ushujaa gani huo, jamani, wa kumkana mume wako mbele ya keki?

Kule pwani alitafuta kazi hadi soli za viatu zikalika. Watalii walikuwa wamekwisha kuondoka na hoteli nyingi zimefungwa. Ndipo akaomba mafao ya kukosa ajira. Katika jimbo letu anayeacha kazi kwa hiari huambulia patupu, lakini aliyeacha ili kumfuata mume au mkewe kwenye makazi mapya husikilizwa. Clarisse alieleza hivyo, na ndivyo ilivyokuwa. Ofisi ya mafao ikauliza kwenye kiwanda cha chipsi. Bwana Leland, mtu asiyejua kupindisha neno, akasema alichokisikia kwa masikio yake: amechoka na viazi, anakwenda kupumzika. Ombi likakataliwa.

Rosaire alipopata habari alikaa kitako kitandani, buti bado ziko miguuni.

"Kwa hiyo hukuwaambia kwamba unakuja nami."

"Walikuwa wananicheka, Rosaire."

"Uliona haya. Haya juu yangu mimi."

Neno hilo lilimchoma Clarisse kuliko kukataliwa mafao. Na mshahara wa mgeni kwenye kiwanda cha meli haukutosha kodi ya pwani. Bila mafao, Clarisse angelazimika kurudi kwa mama yake, na Rosaire abaki kwenye chumba cha kupanga na mabaharia. Géraldine alikwisha kutandika kitanda. "Njoo tu, mwanangu," alisema kwenye simu. "Si nilikwambia?"

Jirani wa ghorofa ya chini, Bi Thelma, alikuwa na dawa yake. "Kata rufaa useme yule msimamizi alikuwa anakunyanyasa. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alijibu Clarisse. "Bwana Leland hajawahi hata kunikaripia. Uongo mmoja umenifikisha hapa, mama. Huo wa pili utanipeleka wapi?"

Akakata rufaa, akiwa na ukweli wake tu.

Rufaa ilisikilizwa kwa simu. Upande mmoja Clarisse, upande wa pili Bwana Leland, na pembeni yake, kama shahidi wa kiwanda, Jolene. Clarisse alipomsikia Jolene akijitambulisha kwa jina, aliishika simu kwa mikono miwili. Rosaire, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alisimama dirishani na kumpa mgongo.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu. "Bi Ouellette, kiwandani ulisema umechoka. Hapa unasema ulimfuata mumeo. Je, ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile," alisema Clarisse.

"Kwa nini?"

"Kwa kuogopa kuchekwa." Akavuta pumzi, na woga ukamtoka wote kwa mara moja. "Kwetu mwanamke anayemfuata mumewe huitwa begi. Mimi si begi. Nina miguu, na nilimfuata kwa miguu yangu, kwa sababu ni mume wangu na maisha yangu nataka niyaishi naye. Kesho akihama tena, nitamfuata tena. Anayetaka kucheka acheke, yuko hapohapo kwenye simu!"

Jolene akakohoa.

"Naomba kusema, mheshimiwa. Mimi nilijua. Sote tulijua. Rosaire alikuja kuazima trela yangu ya kuhamishia vitu kabla hata ya ile keki, akaniambia kazi ameshapata. Nilimchokoza Clarisse kwa makusudi, nione atasema nini." Sauti ikashuka. "Samahani, shoga."

"Hata mimi trela hiyo niliiona uani kwao ikipakiwa vitu," aliongeza Bwana Leland. "Sikuulizwa tu."

Clarisse aligeuka. Rosaire alikuwa ameacha kuangalia dirishani, sasa anamtazama yeye.

Baada ya wiki chache uamuzi ukaja: ameshinda rufaa. Géraldine, aliyekwisha kusikia habari kutoka kiwandani, alipiga simu akiwaka moto. "Umetangaza mbele ya Bonde zima kwamba unamfuata mwanamume!"

"Ndiyo, mama," alisema Clarisse. "Na wasiosikia, waambie wewe."

SOMO

Ndugu zangu, usikane sababu yako ya kweli ili kufurahisha chumba cha watu wanaokula keki. Wao watafuta midomo waende zao, na siku utakapoihitaji sababu hiyo utaambiwa uliikana mwenyewe. Ukishateleza, usizibe uongo kwa uongo. Rudi useme ukweli mbele ya walewale waliokucheka. Na haki iliyowekwa na sheria kwa ajili yako idai kwa sauti, kwa maana si sadaka.

Nasi tunaocheka tujitazame. Tulikaribia kuvunja nyumba ya watu kwa neno moja la mzaha, na Jolene peke yake ndiye aliyeomba radhi. Wengine tunangoja nini?