Meza ya Mlingoti

Kila asubuhi, kabla ya kushika randa, Futi Tano aliipapasa meza ya marehemu kaka yake. Ilikuwa kama kumsalimia.

Futi Tano ni seremala. Jina hilo la utani alipewa na kinyozi, jirani yake, na likamkaa kama kofia. Kaka yake aliitwa Mlingoti. Alikuwa mrefu mpaka akiingia kwake mwenyewe anainama. Meza ya kazi aliijenga kwa kimo chake. Alipokufa, Futi Tano alirithi karakana, wateja, na meza hiyo.

Shida ni kwamba meza ilimfika kifuani. Ili ubao usicheze, ilibidi aulalie kwa kifua, anyooshe mikono, ndipo apige randa. Siku nzima hivyo.

"Ikate miguu hiyo," kinyozi alimwambia. "Unafanya kazi kama mtoto anayechungulia sufuria."

"Meza ya kaka haikatwi."

Kinyozi ana mzaha kwa kila jambo. Kwa hilo hakuwa nao. Akarudi kwake kunyoa.

Mlingoti aliuawa na moyo. Siku ile alisema kifua kinambana kama kimekaliwa na gunia. Mkono wa kushoto ulimuuma, na jasho lilimtoka. Akasema ni gesi tu. Akanywa maji ya tangawizi, akajilaza kwenye benchi apumzike kidogo. Walipomfikisha hospitali, hakukuwa na cha kufanya tena.

Miezi mitatu baada ya mazishi, kifua cha Futi Tano nacho kikaanza kuuma. Kilichoma upande wa kushoto, karibu na mfupa wa katikati. Akigeuka kitandani, kinachoma. Akikohoa, kinachoma.

"Zamu yangu imefika," akajiambia.

Hakumwambia mtu. Kituo cha afya kipo mtaa wa pili tu, lakini hakwenda. Aliona heri asijue kuliko kuambiwa.

Badala yake alichagua mbao nzuri, akaanza kutengeneza jeneza. Lake mwenyewe. Alishaona majeneza mengi ya haraka haraka, misumari imetokeza, kifuniko kimepinda. Aibu kubwa kwa seremala kuzikwa ndani ya kazi mbovu.

Basi akazilalia mbao zile kwa kifua, akapiga randa. Kila alivyopiga, maumivu yalizidi. Na kila yalivyozidi, aliona siku zake zimekaribia, akaongeza mwendo.

Mkewe ni mshonaji. Mchana mmoja alimletea chakula, futi ya kamba ikining'inia shingoni kama kawaida yake.

"Hilo sanduku la nani?"

"La mteja."

"Mteja gani?"

"Hajaja kulichukua."

Mke akaweka chakula chini. Akavua ile futi ya kamba, akapima sanduku urefu, kisha upana wa mabega. Akapima mara ya pili.

"Vipimo hivi navijua," akasema taratibu. "Mwaka wa kumi na moja huu nakushonea nguo."

Futi Tano akakaa juu ya mbao. Machozi yakamtoka.

"Ni moyo, mama watoto. Kama kaka."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tano."

"Wiki tano unakufa, na mimi nakupikia tu." Akamvua aproni. "Simama twende. Kama ni kufa, ufe tukijua kinachokuua."

Daktari wa kituo cha afya alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuwa na haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari za Mlingoti pia. Kisha akaanza kuuliza.

"Maumivu yanakuja ukipanda ngazi au ukitembea haraka?"

"Hapana, daktari."

"Yanakwenda mkononi, shingoni au kwenye taya?"

"Hapana. Yako hapa tu."

"Pumzi inakata? Jasho la baridi? Homa? Unavuta sigara?"

"Hakuna. Sigara sivuti."

"Kiungulia je? Tumbo likijaa tindikali, nalo linaweza kuchoma kifua."

"Nikila salama, nikilala njaa salama."

Alimpima presha. Akasikiliza moyo na mapafu. Akamlaza, akambandika nyaya kifuani, na mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogo vidogo. Futi Tano hakuitazama. Alitazama dari.

Kisha daktari akabonyeza mbavu zake kwa kidole, moja baada ya nyingine. Alipofika karibu na mfupa wa katikati, Futi Tano aliruka.

"Ni maumivu yale yale?"

"Yenyewe hasa."

"Kazini unasimamaje? Nionyeshe kwenye meza yangu."

"Meza yako fupi, daktari. Ya kwangu inafika hapa." Akaweka kiganja kifuani.

Kiganja kilitua pale pale palipobonyezwa. Mkewe aliona. Daktari aliona. Mwenyewe aliona mwisho, akabaki ameuweka mkono pale kama umegandishwa na gundi ya mbao.

"Fundi," daktari akasema, "ubavu na mfupa wa kifua vinaungana hapo. Pameumia kwa kukandamizwa kila siku. Panauma kweli, hukujitungia. Ila si moyo."

"Una hakika?"

"Ningetumia kidole peke yake nisingekuwa na hakika. Nimeuliza, nimepima, na vyote vinaelekea huko. Kwa sababu ya kaka yako tutapima pia sukari na mafuta kwenye damu, na presha uwe unaipima kila mwaka."

Futi Tano akainamisha kichwa. "Kaka alisema ni gesi."

"Yeye aliita moyo gesi. Wewe umeita ubavu moyo. Wote mlijipima wenyewe." Hakusema kwa ukali. "Sikiliza, na mama asikilize. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, ukitoka jasho, pumzi ikikata, au ukizimia, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usilale kwanza uone."

Alimpa dawa ya maumivu ya siku chache. Akamwambia akande kwa kitambaa cha maji ya moto, arudi baada ya wiki mbili.

"Na meza je?" mke akauliza.

"Meza ikibaki vile, dawa zangu ni bure."

Futi Tano alikaa siku mbili bila kuigusa. Siku ya tatu alimwita kinyozi. Wakaipindua meza, miguu juu. Chini yake palikuwa na alama ya penseli ya mkono wa Mlingoti, alipopimia miguu zamani. Futi Tano aliitazama muda mrefu. Kisha akashika msumeno.

Kinyozi alishikilia mguu mmoja mmoja. Hakutania hata mara moja. Vilidondoka vipande vinne, kila kimoja urefu wa shubiri. Futi Tano alivipanga kwenye rafu, juu ya misumari.

Aliporudi kwa daktari, majibu ya damu yalikuwa mazuri na maumivu yamepungua. Mwezi wa pili alikuwa anakohoa bila kujishika. Uchungu wa kumpoteza kaka ulibaki. Kwa hilo hakupewa dawa.

Zile mbao nzuri za jeneza hakuzitupa. Alizifanya kabati, likawekwa chumba cha kushonea. Siku moja jirani mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alilipapasa kabati lile.

"Kazi safi hii. Mbona refu hivi na jembamba?"

"Lilikuwa la mteja," mke akajibu, huku akitunga uzi kwenye sindano. "Hakuja kulichukua."