Mwalimu wa Jumanne na Ijumaa

Sidonie aliona kikwembe chake kinaondoka.

Hakikuibiwa. Usukani wa pikipiki ulikuwa umekinasa pale kilipotundikwa mbele ya meza yake ya kuuzia vitambaa, mwendeshaji hakujua, na kile kitambaa cha manjano chenye maua meusi kikakata soko la Kasongo kikipepea nyuma ya gunia la mchele. Kikapita kwa wauza chumvi, kikapita kwa wauza samaki, kikaishia kwenye matope. Soko zima likacheka. Sidonie alikimbia nyuma yake, kandambili mkononi.

"Weye! Mutu wa piki! Simama!"

Mtu wa piki akasimama. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya katikati ya meno, na koti la ngozi alilolivaa hata jua likiwa kali. Alitazama kitambaa, akatazama matope, akamtazama Sidonie aliyekuwa anahema. Kicheko kilichokuwa kinakuja akakimeza.

"Pardon, mama. Nipe nikifue."

"Weye utafua nini?"

Kesho yake asubuhi alirudi. Kikwembe kilikuwa safi, kimekunjwa, kimenyooka kama kimetoka dukani. Sidonie alikigeuza mara mbili.

"Nani alikupigia pasi?"

"Miye mwenyewe."

"Muongo. Hii iko mukono ya mwanamuke."

"Basi unipe kingine, nikipige mbele yako."

Sidonie alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Hivyo ndivyo Déo alivyoingia katika maisha yake.

Sidonie alikuwa na miaka thelathini na moja. Alitoka Wamaza, na mumewe wa kwanza alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, akapata mwanamke mwingine huko. Habari hiyo Sidonie hakuambiwa na mume wala na ndugu. Alisikia wateja wawili wakiisimulia mbele ya meza yake huku wanachagua rangi. Tangu siku ile masikio yake hayakulala. Alijua kutambua manukato kwenye kola, na sauti ya mtu anayejibu simu akiwa amegeuza uso.

Déo alimwelewa, au alijaribu. Alibeba watu na mizigo kati ya Kasongo na Salamabila, na kila simu yake ilipopata rezo alipiga.

"Sido, mupenzi, niko kwa daraja. Piki imekufa."

"Nani iko pamoja na weye?"

"Mbuzi wawili na papa mumoja mwenye ndevu."

"Nipe huyo papa nimusikie."

Na Déo alimpa simu yule mzee, naye akamsalimia Sidonie kwa heshima zote.

Mkewe Déo alikuwa amefariki miaka saba nyuma, akamwachia binti, Laura, msichana wa miaka kumi na minne mwenye miguu mirefu na maneno machache. Kitu kimoja tu kilimkaa Déo vibaya rohoni. Katika wiki za kwanza, akitaka kumpendeza muuza vikwembe, alisema amemaliza sekondari na ana diploma. Haikuwa kweli. Lakini Sidonie alishaipeleka habari hiyo mpaka Wamaza, kwa baba yake, na kila alipoisema alinyoosha shingo kidogo.

Mwaka huo Laura alianza Kilatini. Kwenye jaribio la kwanza alipata tatu juu ya kumi. La pili, mbili. Mwalimu wake, Madame Yvette, alimwita Déo shuleni.

"Mutoto ana akili," alisema. "Lakini Kilatini ni mikia ya maneno. Mkia ukibadilika, maana inabadilika. Ile mikia inataka kukaririwa kila siku, na mutu wa kumusikiliza."

Déo alirudi nyumbani akashika kitabu. Laura alikariri *rosa, rosa, rosam*, naye akatikisa kichwa kana kwamba anafuata. Siku ya tatu Laura alikosea makusudi ili kumpima, baba akasema "vizuri sana." Laura alifunga kitabu na kulia. Ndipo Déo alipoona kwamba hana njia nyingine, lazima na yeye ajifunze. Akaomba mwalimu awe anakuja nyumbani Jumanne na Ijumaa, saa kumi, awafundishe wote wawili. Akamwambia Laura asimwambie mtu, hasa Sidonie. Mtu mwenye diploma angeelezaje kwamba anatetemeka mbele ya *rosa*?

Jumanne ya kwanza Sidonie alipiga simu, haikujibiwa. Ya pili, haikujibiwa. Ya tatu Déo aliipokea kwa bahati mbaya, kidole kikiteleza.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, chérie. Niko natengeneza piki."

Nyuma yake sauti ya mwanamke, laini, ikasema wazi: "Tena, Déo. Pole pole. Usiogope."

Simu ikakatika.

Jioni Sidonie alimngoja mbele ya meza yake, mikono kiunoni.

"Nani alikuwa anakuambia usiogope?"

"Laura."

"Laura anakuita Papa. Tangu lini anakuita Déo?"

"Basi… ni jirani."

"Jirani gani? Ya pasi?"

Déo akajifanya anakaza mnyororo. Sidonie akageuka, akaanza kufunga meza.

Jumamosi Déo alivua koti lake ili kushusha mizigo, akaliacha kwenye meza ya Sidonie. Sidonie aliapa moyoni kwamba hatagusa mifuko. Akagusa. Alikuta kipande cha karatasi ya daftari chenye mwandiko mzuri wa mwanamke: *amo, amas, amat*. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: *Très bien, Déo!*

Alikwenda kwa Clovis, jirani yake wa soko, muuza betri na redio aliyewahi kusoma miaka mitatu kwa mapadri.

"Clovis, hii ni luga gani?"

"Kilatini hiyo."

"Inasema nini?"

Clovis alikuna shavu. Aliona macho ya Sidonie, akatamani angekuwa hajasoma. "Miye ninapenda. Weye unapenda. Yeye anapenda."

"Anapenda nani?"

"Haisemi nani, dada. Inaishia pale."

Ijumaa iliyofuata, simu ya Déo ilipoita tena bila kupokewa, Sidonie alifunga meza mapema. Alivaa kikwembe cha buluu na libaya, blauzi nyekundu yenye mikono iliyovimba mabegani, akafunga kitambaa kichwani, akapaka mafuta miguuni mpaka ikang'aa. Akienda kuaibishwa, aende akiwa mzuri. Akatembea bila kukimbia mpaka uani kwa Déo.

Baba na binti waliketi kwenye kivuli cha ukuta. Laura alikuwa na daftari. Déo alikuwa na daftari pia, amekunja magoti chini ya meza ndogo. Na nyuma yake, ameinama, kidole kwenye ukurasa wa Déo, alisimama mwanamke kijana mwenye sketi ya kijivu na shingo ndefu, chaki mkononi. Déo alikuwa anasema, macho amefumba: "*Amo… amas…*"

"Endelea!" Sidonie alisema. "Umuambie mbele yangu!"

Déo aliruka, meza ikapinduka.

"Sido, ngoja…"

"Na weye, mwalimu! Watoto wa shule hawakutoshi, unakuja kufundisha bwana ya mutu kupenda? Tena kwa luga ya mapadri?"

Majirani walitokeza vichwa. Madame Yvette alinyooka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini sauti haikupanda. "Mama, mimi niliitwa hapa kwa ajili ya huyu mutoto." Alikusanya chaki zake na kitabu. "Papa Laura, sitarudi tena. Samahani."

"Ulikuja kwa mutoto, karatasi hii ni ya nani?" Sidonie alimfuata kwa maneno mpaka mlangoni, ile karatasi ya koti mkononi. "Déo! Ni ya nani?"

Déo aliinama kuokota daftari. Laura ndiye aliyepiga kelele, yeye asiyesema kwa nguvu hata siku moja.

"Ni ya Papa! Anajifunza pamoja na miye! Hana diploma! Aliachia sekondari ya pili!"

Sidonie alimtazama Déo, akangoja akatae. Déo aliinamisha kichwa.

"Papa yangu kule Wamaza anahesabu una diploma," alisema Sidonie taratibu. "Nimemuambia kila mutu." Akatoka, na safari hii alikimbia.

Déo alipiga simu mara kumi na nne siku ile. Siku ya tatu akapata mzigo wa Salamabila, akamwacha Laura kwa shangazi yake, akaenda. Sidonie alipoambiwa na Clovis, alijibu, "Salamabila. Ndiyo kawaida yao," akaendelea kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari.

Wiki moja ikapita. Alasiri moja Laura alisimama mbele ya meza yake na sare ya shule.

"Tantine, egzameni iko baada ya siku kumi. Madame haji tena. Papa nikimupigia, rezo inakata. Sina mutu wa kunisikiliza."

"Miye sijui hiyo luga."

"Ushike kitabu tu. Uangalie kama nasema yenye imeandikwa."

Sidonie alitaka kukataa. Lakini alikumbuka kwamba huyu mtoto hakuwa na mwalimu kwa sababu yake yeye. Na kulikuwa na kitu kingine, ambacho hakumwambia mtu: alitaka kujua ni nini walichokuwa wanasemezana uani pale bila yeye. Akafuta mikono, akapokea kitabu.

Laura alikariri mikia ya neno "mfalme". "*Rex, rex, regem, regis, regi, rege.*" Sidonie alifuata kwa kidole. Alikuwa ameishia darasa la sita, lakini miaka minne alikuwa amebeba kichwani majina ya vikwembe mia, kila ua na kila mstari, bila kuandika popote. Siku ya pili hakuhitaji kidole. Siku ya nne alikuwa anasema pamoja na Laura huku anampimia mteja kitambaa, na mteja akauliza kama wanasali.

"Datifu ni ya kumupa mutu kitu," Laura alieleza. "*Regi*, kwa mufalme. Ablatifu ni *rege*. Papa anachanganya kila siku."

"Kwa nini anachanganya? Moja ni *i*, ingine ni *e*."

"Anaogopa, ndiyo maana."

Siku ya sita simu ya Clovis, aliyoiazima Laura, ililia. Laura alikuwa ameituma namba hiyo kwa baba yake. Akaipokea mwenyewe na kuiweka kwa sauti kubwa juu ya meza.

"Papa, tuendelee. Sema *rex*."

Kutoka Salamabila, kati ya kelele za pikipiki na watu wanaoitana, sauti ya Déo ilikuja imechoka: "*Rex, rex, regem, regis… rege…*"

"*Regi!*" Sidonie alisema bila kufikiri. "*Rege* ni ya mwisho!"

Laura aliinamia daftari lake akificha uso.

"Nani huyo?" Déo aliuliza polepole.

"Ni miye."

"Sido? Weye unajua…"

"Nimejua kupita weye."

Clovis, ambaye alikuwa anasikiliza tangu mwanzo, akacheka kwa sauti nene.

"Na mwanaume huyo ni nani?" Déo akauliza upesi.

"Kumbe unaisikia nawe, hii roho ya wivu!" Sidonie alisema. "Unasikia inavyouma?"

"Naisikia." Kelele za pikipiki zikapungua nyuma yake. "Sido, shule yetu ilifungwa wakati wa vita. Walipofungua, nilikuwa mukubwa, niliona haya kukaa na watoto. Nilikudanganya kwa sababu uliniangalia vizuri siku ile, nikaogopa utaacha. Na mwalimu… nisikufiche. Nilipenda anavyonisifu. Hakuna mutu aliwahi kuniandikia *très bien*. Lakini hapo ndipo mwisho. Nakuapia."

Ile sehemu ya mwalimu ilimchoma, lakini ilikuwa mara ya kwanza mwanaume kumwambia jambo la kumchoma kabla hajalisikia sokoni.

"Endelea na *rex*," alisema. "Tangu mwanzo."

Kesho yake alikwenda shuleni. Alimkuta Madame Yvette anafuta ubao.

"Nimekuja kuomba pardon," Sidonie alisema, amesimama wima kabisa. "Nilikutukana mbele ya mutoto wako wa shule."

Yvette aliweka kitambaa chini. "Ulinitukana vibaya, mama."

"Najua."

"Na mimi nisiseme uongo. Mwanaume anayejifunza pamoja na mutoto wake, si wengi. Nilimwangalia." Akatabasamu kidogo. "Hakuona. Alikuwa anaangalia datifu."

Sidonie alitaka kukasirika tena, akajikuta anacheka. Wakatoka pamoja mpaka kwenye lango.

Laura alipata sita na nusu kwenye egzameni. Déo alifika siku ileile jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, akasimamisha piki mbele ya meza ya Sidonie, watu wote wanaangalia. Hakupiga magoti, hakutoa zawadi.

"Nataka kukuoa," alisema. "Lakini kwanza unipeleke Wamaza. Papa yako asikie kwa kinywa changu kwamba sina diploma. Akinifukuza, anifukuze."

"Atakufukuza."

"Basi nitarudi kesho yake."

Waliondoka Jumapili alfajiri, Laura katikati yao juu ya piki, wakafika jua limepinda. Mzee Nathanaël, baba yake Sidonie, aliwakaribisha kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Déo hakugusa chakula. Alisimama, akasema yote: shule iliyofungwa, haya, uongo, na daftari lililofanana na la mtoto wake.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Sidonie alikaa ameshika kona ya kikwembe chake, ameikunja, ameikunjua.

"Na sasa unasoma?" mzee aliuliza.

"Ninasoma, papa."

"Pamoja na huyu mutoto?"

"Pamoja naye. Ananipita."

"Na huyo mwalimu, ni mwanaume ao mwanamuke?"

Sidonie akamtangulia Déo kujibu.

"Ni mwanamuke, papa. Kijana. Tena muzuri, shingo yake ndefu hivi. Nimemuambia arudi, Jumanne na Ijumaa, saa kumi. Na miye nitakaa hapo, nasoma pamoja nao, mpaka tumalize kitabu chote."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama mwanaume aliyesimama mbele yake na vumbi masikioni.

"Unamusikia?" alimwambia Déo. "Utaweza?"

"Nitaweza, papa."

"Basi kaa chini ukule. Sombe inapoa."