Asali ya Alfajiri

Kila alfajiri huko Kwihara, Batuli aliwasha moto, akabandika chai, kisha akampelekea bibi yake maji ya kutawadha. Bibi Anifa naye alikuwa na mazoea yake. Akishaswali, alifungua kibuyu, akachovya kidole kwenye asali na kulamba.

"Hiki si chakula," alizoea kusema. "Ni dawa ya kifua."

Asali hiyo ilitoka kwenye mizinga ya mumewe, Babu Mabruki, na Bibi hakuikosa hata siku moja.

Asubuhi ile alilamba kama kawaida, kisha akavaa khanga mpya na kumsubiri mgeni. Daktari Mektilda alikuwa akipita vijijini kukusanya mkojo wa wagonjwa wa saratani ya figo na wa watu wazima wa afya. Babu aliwahi kuugua saratani hiyo, akatolewa figo moja, akapona. Tangu hapo Bibi alitafuta namna ya kushukuru, na sasa aliiona.

"Mwili ukitumia chakula huacha mabaki kwenye mkojo," Daktari alieleza alipofika. "Tunalinganisha mabaki ya wagonjwa na ya wazima. Tukipata alama ya saratani ya figo, huenda siku moja tukaitambua mapema, kabla mtu hajahisi maumivu. Ndiyo maana tuliomba usile kitu tangu jana usiku. Bibi, umekula chochote?"

"Hata chai sijaonja, mwanangu," Bibi alijibu, akimkabidhi kichupa kwa fahari.

Batuli alishtuka. Afanyeje? Kumsahihisha bibi yake mbele ya mgeni ni utovu wa adabu. Tena mkojo ukikataliwa, Bibi angekosa nafasi aliyoisubiri kwa furaha. Lakini akinyamaza, Daktari angetafuta ugonjwa huku asali ikimchanganya. Alimtazama Babu aliyeketi kando, akakumbuka ugonjwa wake.

"Bibi, niwie radhi," alisema kwa sauti ndogo. "Na ile asali?"

"Kwani asali nayo ni chakula?"

"Ndiyo, bibi," Daktari alijibu kwa upole. "Sukari yake ingetupotosha. Mkojo huu siwezi kuupokea."

Bibi aliinamisha uso. Batuli alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ila usihuzunike," Daktari aliongeza. "Kesho nakwenda Kaliua, lakini nitaanzia hapa kwako."

Kesho yake Bibi alimwita Batuli mapema.

"Mke mwenzangu, jana uliniumbua!" alisema akicheka. "Haya, kifiche kibuyu, maana mkono wangu siuamini."

Daktari alipokwisha kuchukua kichupa kipya na kuaga, Babu alimketisha Batuli karibu naye.

"Mjukuu wangu, nilipoanza kukojoa damu niliona haya kumwambia daktari aliyenipima, kijana mdogo kama mwanangu. Nikajikaza, nikasema. Ndiyo maana leo nakunywa chai na nyinyi. Daktari hatibu asichokijua. Ukweli unaosemwa kwa adabu haumvunjii mtu heshima, nawe jana uliusema vizuri. Ahsante sana."

Machozi yalimlengalenga Batuli kwa furaha. Bibi akaenda kukitoa kibuyu mafichoni, kwani alijua fika kilipowekwa. Akakifungua, akamsogezea Batuli.

"Leo anza wewe," alisema.